Kutoka Pretoria Hadi Addis Ababa: Safari ya Gari la Deraya Lililoungwa kwa Vipande

Afrika Kusini ilipoingia vitani Septemba 1939, jeshi lake zima lilikuwa na vifaru viwili na magari mawili ya deraya. Vyote vilitoka Uingereza, vyote vya miaka ya 1920, na kufikia wakati huo vilifaa gwaride kuliko mapigano. Hadi vita vinakaribia kwisha, nchi hiyohiyo ilikuwa imeunda magari ya deraya zaidi ya 5,700. Haikuwa na kiwanda cha kuunda injini hata moja.

Ukifungua kitabu chochote cha Vita Kuu ya Pili utakuta kurasa kwa kurasa za Tiger la Wajerumani, T-34 la Warusi na Sherman la Wamarekani. Gari la Afrika Kusini, lililojulikana kwa jina la Marmon-Herrington, hupewa aya moja, mara nyingi ikiwa ni aya ya kulikosoa. Makosa lilikuwa nayo, na nitayataja. Lakini gari hilo lilipata mafunzo yake ya kwanza ya vita katika mchanga wa kaskazini mwa Kenya na katika milima ya Ethiopia, na sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kulijua kuliko watu wengine wote.

Kuingia vitani kwenyewe hakukuwa jambo jepesi. Tarehe 4 Septemba 1939 Bunge la Muungano wa Afrika Kusini lilipiga kura: 80 wakataka kupigana pamoja na Uingereza, 67 wakataka nchi ikae kando. Waziri Mkuu Hertzog akashindwa, Jan Smuts akashika nafasi yake. Wazungu wengi, hasa Makaburu waliokumbuka vita vyao na Waingereza mwanzoni mwa karne, hawakutaka kusikia habari hizo. Kwa hiyo Smuts hakuthubutu kulazimisha mtu kujiunga na jeshi. Alichukua waliojitolea, na yule aliyekubali kupigana popote barani Afrika alikula kiapo maalumu, akavaa kipande cha kitambaa chekundu begani. Mtaani kipande hicho kilimfanya ashangiliwe na huyu na kutemewa mate na yule.

Watu walipatikana. Zana ndizo zilizokosekana. Uingereza haikuwa na cha kugawa, na baada ya kupoteza mali yake huko Dunkirk katikati ya 1940 haikuwa hata na cha kujitosheleza. Aliyekabidhiwa tatizo hilo ni Dakta Hendrik van der Bijl, mtaalamu wa umeme aliyesoma Ujerumani na kufanya kazi Marekani, kisha akarudi nyumbani kuanzisha shirika la umeme la Escom na kiwanda cha chuma cha Iscor mjini Pretoria. Smuts alimfanya mkuu wa ugavi wa vita. Van der Bijl hakujidanganya kwamba nchi yake ingeweza kuunda gari zima. Swali alilojiuliza ni la fundi: tuna nini tayari, na kilichopungua kitatoka wapi?

Kilichokuwepo ni chuma. Tanuri za Iscor zilikuwa zikifanya kazi tangu 1934, na baada ya majaribio mafundi wake wakaweza kutoa mabamba magumu ya kuzuia risasi. Kilichokuwepo pia ni kiwanda cha Ford cha Port Elizabeth, ambako malori yalifika vipandevipande kutoka Kanada yakafungwa hapo. Bunduki zingetoka Uingereza. Na kwa kuwa lori la kawaida huvutwa na magurudumu ya nyuma tu, ekseli na giaboksi za kulifanya livutwe na magurudumu yote manne ziliagizwa kwa kampuni moja ndogo ya Indianapolis, Marekani, iliyobobea katika kazi hiyo. Kampuni hiyo ndiyo Marmon-Herrington, na ndiyo iliyoliachia gari jina, ingawa yenyewe ilileta viungo vya chini tu.

Fikiria basi safari ya gari moja. Fremu na injini ya Ford yenye silinda nane inavuka Atlantiki kutoka Kanada. Ekseli zinatoka Indianapolis kwa meli nyingine. Bunduki zinatoka Uingereza kwa msafara wa tatu, huku nyambizi za Wajerumani zikiwinda baharini. Vyote vinakutana na bamba la Pretoria katika karakana, wanalikata, wanalikunja, wanalichomelea, wanalivisha juu ya lori. Meli moja ikizama, mstari mzima unasubiri. Hata hivyo magari yalitoka, na kila toleo lilirekebisha kasoro za lililotangulia.

Magari ya toleo la kwanza yalikuwa 113 tu na bado yalivutwa na magurudumu mawili. Nje ya barabara yalikwama, na mengi yakaishia kufundishia madereva. Toleo la pili, magari 887, ndilo lililopata ekseli za Marmon-Herrington. La tatu likawa fupi na imara zaidi, yakaundwa zaidi ya 2,600. La nne, lililokuja 1943 likiwa na mzinga mdogo halisi, lilikuwa gari zuri kuliko yote, ila lilifika vita vikiwa vimeshahamia Ulaya.

Kuna jambo ambalo habari za ushujaa huo wa viwandani hulikwepa. Katika viwanda vya Afrika Kusini kazi za ufundi zenye mshahara wa maana zilitengewa Wazungu. Mwafrika aliinua, alisukuma, alibeba, alifagia. Jeshini hali ilikuwa hiyohiyo. Makumi ya maelfu ya Waafrika walijiunga na kikosi kilichoitwa Native Military Corps, wakawa madereva, wapishi, wabeba majeruhi, wachimba mahandaki. Serikali ya Smuts ilikataa kuwapa bunduki. Walinzi wao walisimama lindo na mkuki au rungu. Gari la deraya la Pretoria lilikuwa na nafasi ya watu wanne, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa ya Mwafrika. Natamka hili mapema kwa sababu litatufuata hadi mwisho wa habari.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Siku hiyo hiyo Kenya ikawa mstari wa mbele. Upande wa pili wa mpaka, katika Ethiopia, Eritrea na Somalia, Waitalia walikuwa na askari zaidi ya 250,000, walio wengi wakiwa Waafrika wa makoloni yao. Kenya ilikuwa na batalioni chache za King's African Rifles, maarufu kama KAR, zilizotandazwa juu ya mpaka mrefu ajabu. Mwezi Julai Waitalia waliichukua Moyale. Wengi Nairobi waliamini kwamba wangeshuka zaidi.

Hapo ndipo Waafrika Kusini walipofika. Brigedi ya kwanza, chini ya Brigedia Dan Pienaar, ilitia nanga Mombasa Julai 1940 na kupelekwa kambini Gilgil. Misafara ya magari ya jeshi ilikuja pia kwa nchi kavu: kwa reli hadi Broken Hill, mji unaoitwa leo Kabwe nchini Zambia, kisha kwa barabara ya vumbi kupitia Tanganyika hadi Nairobi. Magari ya deraya yaliyotengwa kwa ajili ya uwanja wetu wa vita yalifungwa bunduki mbili za rashasha aina ya Vickers, moja ndani ya mnara unaozunguka juu, nyingine ubavuni. Yale yaliyopelekwa Misri yalipewa silaha tofauti, bunduki nzito ya Boys ya kutobolea deraya na rashasha nyepesi ya Bren.

Ingia ndani ya gari hilo kidogo. Deraya yake ni milimita 12 pale palipo nene, 6 palipo nyembamba. Inazuia risasi ya bunduki ya kawaida na vigae vya bomu. Mzinga wowote unaipenya. Dereva anaona njia kupitia upenyo mwembamba. Anayepiga rashasha ya juu anasimama, na mnara wake anauzungusha kwa nguvu za mikono. Saa saba mchana katika jangwa la Chalbi, bamba likishapigwa na jua tangu asubuhi, mtu akiligusa kwa ngozi tupu ataungua. Na kila kitu humo ndani kina kiu. Watu wanne wanataka maji. Rejeta ya injini inataka maji. Rashasha ya Vickers nayo hupozwa kwa maji, inabeba lita nne hivi katika gamba linalozunguka mtutu, na ikifyatua mfululizo yanachemka na kuwa mvuke. Kamanda wa gari akiwa na debe moja lililobaki ilimbidi aamue nani anywe kwanza: askari, injini au bunduki.

Ndiyo maana nasema vita vya kaskazini mwa Kenya vilikuwa vita vya maji kabla ya kuwa vita vya risasi. Kati ya Isiolo na mpaka wa Ethiopia kuna mawe meusi ya volkano yanayokata matairi, kuna miiba inayotoboa kilichosalimika na mawe, na visima ni vya kuhesabu. Wachungaji wa Kiborana, Kigabra, Kirendille na Kisomali walijua kila kisima na majira yake, jeshi halikujua. Kikosi cha wahandisi wa Afrika Kusini, kikiwa na wataalamu wa miamba na mashine za kuchimbia, kilipita huku na huko kikitafuta maji chini ya ardhi, na kingine kikafungua barabara hadi Marsabit na mbele yake. Sioni kazi iliyochangia ushindi zaidi ya hiyo katika upande ule, na ndiyo isiyotajwa kabisa katika habari za mapigano.

Shambulio la kwanza la maana lilikuwa El Wak, kijiji kilichokaa juu ya mpaka wa Kenya na Somalia, tarehe 16 Desemba 1940. Brigedi ya Pienaar na brigedi ya askari wa Gold Coast, Ghana ya leo, zilisafiri usiku kutoka upande wa Wajir na kushambulia alfajiri. Waghana walilipua seng'enge, vifaru vyepesi vya Waafrika Kusini vikapita, na Waitalia wakaondoka wakiacha mizinga yao na hata bendera ya batalioni yao ya kikoloni. Kijeshi lilikuwa jambo dogo. Lakini habari zake zilifika Roma na Nairobi kwa kasi moja, na kila upande ukaelewa kilichotokea: jeshi la Italia lilikuwa limetawanywa mno na halikuwa na hamu ya kupigania jangwa.

Mwisho wa Januari 1941 Divisheni ya Kwanza ya Afrika Kusini, chini ya Meja Jenerali George Brink aliyeweka makao yake Marsabit, ilivuka na kuingia kusini mwa Ethiopia. Hapa magari ya deraya yalifanya kazi yaliyoundiwa. Yalitangulia mbele ya malori ya askari, yakipima njia, yakichokoza vituo vya Waitalia ili vifyatue na kujionyesha. Gorai na El Gumu zilianguka siku za mwanzo, kisha Hobok. Dhidi ya ngome ndogo zenye bunduki na rashasha tu, gari lenye deraya ya milimita 12 ni mfalme.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna fundi wa Pretoria aliyelifikiria. Mega ni mji wa mlimani. Watu waliotoka kuungua Chalbi walifika huko katikati ya Februari, mvua ikaanza. Haikuwa manyunyu. Udongo uligeuka tope zito, na gari la tani sita likizama hadi ekseli halitoki kwa maneno. Askari walilala wameloa, wanatetemeka, wengine wakiwa na kaptura walizovaa jangwani. Mabomu yalikuwa yametegwa ardhini kuizunguka ngome. Mwishowe Mega ilichukuliwa kwa miguu, na tarehe 18 Februari wanajeshi wapatao 1,000 wakajisalimisha. Siku chache baadaye Moyale ilikutwa tupu.

Upande wa mashariki mambo yalikwenda kwa mwendo ambao hata Jenerali Alan Cunningham, aliyeongoza majeshi yote kutoka Kenya, hakuutarajia. Kismayo ilichukuliwa tarehe 14 Februari. Mto Juba ukavukwa. Tarehe 25 Februari askari wa Nigeria waliingia Mogadishu, na huko wakakuta kitu chenye thamani kuliko dhahabu kwa jeshi la magari: galoni 350,000 za petroli ambazo Waitalia hawakuwahi kuzichoma. Injini za Ford zilizotoka Kanada zikaanza kunywa mafuta ya Mussolini. Jijiga ikachukuliwa tarehe 17 Machi, Harar tarehe 26, Dire Dawa siku tatu baadaye.

Tarehe 6 Aprili 1941 majeshi hayo yaliingia Addis Ababa, magari ya deraya ya Afrika Kusini pamoja na askari wa KAR wa Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki. Walikuwa wamesafiri zaidi ya kilomita 2,700 kwa siku zisizofika 60. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Mei, Mfalme Haile Selassie alirudi katika mji wake mkuu, miaka mitano kamili tangu Waitalia walipouteka. Ethiopia ilikuwa taifa la kwanza kukombolewa katika vita vile. Paris ilisubiri miaka mitatu zaidi.

Yale yaliyopelekwa Misri hayakuwa na bahati hiyo. Katika jangwa la Libya adui hakuwa kituo cha mbali chenye bunduki mbili. Kikosi cha Waingereza cha King's Dragoon Guards, kilichopewa magari ya Pretoria, ndicho kilichokutana kwanza na doria za Jenerali Rommel wa Ujerumani karibu na El Agheila mwezi Februari 1941, na kikagundua mara moja kwamba magari ya deraya ya Wajerumani yalikuwa na mzinga wa milimita 20. Bunduki ya Boys haikutosha kujibu. Askari hawakukaa kulalamika. Waling'oa mnara mzima, wakafunga juu ya fremu mizinga waliyoteka: Breda ya milimita 20 ya Waitalia, mzinga wao wa milimita 47, hata ule wa milimita 37 wa Wajerumani. Wapigaji walibaki wazi kuanzia kiunoni, ila sasa walikuwa na kitu cha kumtisha adui. Picha za magari hayo zipo nyingi na hakuna mawili yanayofanana.

Nililisifu gari hili, sasa niseme ubaya wake. Lilikuwa refu kwenda juu, likionekana kutoka mbali katika nchi isiyo na mti. Deraya yake ilikuwa nyembamba, na chini yake bado lilikuwa lori, lenye spring za lori. Lakini wapelelezi wa jangwani walilipenda kwa sababu moja: liliwaka asubuhi. Injini yake ilijulikana na kila makanika aliyewahi kufungua bonati ya Ford, vipuri vyake vilipatikana, na lilienda mbali bila kuharibika. Doria ya upelelezi ikienda kilomita 200 nyuma ya adui, haiombi mzinga mkubwa. Inaomba gari la kuirudisha nyumbani. Tobruk ilipoanguka Juni 1942 na Divisheni ya Pili ya Afrika Kusini ikatekwa pamoja nayo, Wajerumani waliyachukua magari waliyoyakuta, wakayapaka msalaba wao, wakayatumia.

Mengine yalitawanyika duniani kote. Yale yaliyopelekwa Java kwa Waholanzi yaliangukia mikononi mwa Wajapani 1942. Mwaka huohuo mengine yalivuka kwenda Madagaska, ambako brigedi ileile ya 22 ya Afrika Mashariki na Waafrika Kusini waliisaka serikali ya Kifaransa ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, kutoka Majunga hadi Antananarivo na kwenda mbele kusini, wakisumbuliwa zaidi na miti iliyoangushwa njiani kuliko risasi. Jeshi la Jordan lilikuwa nayo Palestina mwaka 1948. Ugiriki iliyatunza visiwani mwake kwa miongo mingi baada ya vita, yakiwa yamepita umri wa walioyaendesha. Kwa gari lililobuniwa kwa haraka juu ya lori la biashara, huo ni uhai mrefu kupita matarajio.

Ila mimi napenda kulimaliza simulizi hili mahali ambapo gari la deraya halikuwepo kabisa.

Addis Ababa ilikuwa imeshaanguka, lakini kusini mwa Ethiopia, eneo la maziwa, Waitalia waliendelea kupigana. Mnamo tarehe 19 Mei 1941 batalioni ya 1/6 ya KAR, batalioni ya Watanganyika, ilivuka mto Bilate mahali paitwapo Colito. Kompani mbili zilipita majini zikashika ukingo wa pili. Magari na silaha za kupigia vifaru zilikuwa bado ng'ambo. Waliovuka walikuwa na bunduki zao na walichobeba mgongoni. Ndipo vifaru vya Italia vilipotoka msituni.

Sajenti Nigel Leakey, mlowezi wa Kenya, alikuwa amemaliza mabomu ya mota yake, mzinga mdogo wa inchi tatu. Akasogea mbele kuona la kufanya. Kifaru kimoja kilipokaribia kutoka nyuma yao, alikirukia, akaufungua mfuniko wa juu kwa nguvu, akawapiga kwa bastola waliokuwemo, akamwacha dereva tu, akamlazimisha akiendeshe kifaru hadi mahali palipojificha. Alijaribu kutumia mzinga wa kifaru hicho akashindwa kuufyatua. Basi akashuka. Akaenda kuviwinda vifaru vilivyobaki kwa miguu, katika uwanda uliokuwa ukifagiliwa na risasi. Viwili viliwapita. Leakey akaruka juu ya cha tatu, akafungua mfuniko, akaua mmoja, kisha kifaru cha nne kikamtungua. Shambulio la vifaru likavunjika na ukingo wa pili ukabaki mikononi mwa KAR. Mwaka 1945 alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani kubwa kuliko zote za Uingereza, na jina lake limechongwa katika kumbukumbu ya vita Nairobi.

Leakey alistahili, na sitaki neno langu lolote lipunguze alichofanya. Lakini nimesema „viliwapita", si „vilimpita", kwa sababu hakuwa peke yake. Maelezo rasmi ya nishani yanasema alikwenda kuviwinda vifaru hivyo akiwa na sajenti meja Mwafrika na askari wengine wawili. Watu hao watatu walitembea katika risasi zilezile, kuelekea vifaru vilevile, bila deraya ya milimita 12 wala ya milimita moja. Maelezo hayo hayawataji majina. Sajenti meja si mtu wa kupotea katika kundi. Ndiye anayeita majina ya wenzake kila asubuhi. Mwandishi wa maelezo aliweza kumuuliza mtu yeyote wa kompani ile naye angetajiwa.

Magari ya Pretoria tunayajua kwa idadi kwa kila toleo: 113, 887, na kuendelea. Unene wa mabamba yake tunao hadi milimita. Chuma kilipata karani wa kukiandika, watu wa Colito hawakumpata.

Askari wa KAR waliozungumza Kiswahili kambini kutoka Dar es Salaam hadi Antananarivo wamekwisha karibu wote. Watoto na wajukuu wao wapo, Tabora, Songea, Machakos, Kitui, Eldoret, Gulu, Zomba. Masanduku yao yana vitambulisho vya kijeshi, nishani zisizong'arishwa, barua zenye mihuri ya jeshi, picha za vijana wenye kofia za upande. Kama nyumbani kwenu kuna kitu cha namna hiyo, kipige picha leo, andika jina la mwenyewe, batalioni yake na mahali alipopigana, kisha ipeleke nakala katika nyaraka za taifa, makumbusho au chuo kikuu kilicho karibu nawe. Na kama babu yenu alikuwa wa Batalioni ya Sita na aliwahi kutaja mto Bilate, msiliache jina lake libaki ndani ya sanduku.